Muhogo, Msongo wa Seli na Ugonjwa wa Konzo

Muhogo unaokaangwa barabarani Sinza, Dar es Salaam, na kuliwa kwa chumvi na pilipili, kwa kawaida ni wa aina tamu, na hatari yake ni ndogo. Muhogo mchungu una linamarini nyingi, kemikali inayozalisha sianidi, ndiyo maana huvundikwa au hulowekwa kabla ya kukaushwa. Hatua hiyo ikifupishwa wakati wa njaa, sumu hubaki katika unga. Konzo, jina la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa, hutokea hapo: miguu yote miwili hukakamaa ghafla, na haiponi. Tarime iliupata mwaka 1985, Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sianidi huzuia mitokondria kutumia oksijeni, na seli hukosa nishati. Mwili huiondoa sumu hiyo kwa salfa itokanayo na protini; asiyepata maharage wala samaki huishiwa salfa mapema. Mtaalamu wa neva kutoka Kongo, Désiré Tshala-Katumbay, amechunguza njia nyingine: salfa ikipungua, sehemu ya sianidi hugeuka sianeti, ambayo hujishikiza kwenye protini na kuzibadili. Mabadiliko hayo yameonekana kwa wanyama wa maabara.

Jambo zito zaidi lilitoka Kahemba, Kongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, naye akiwa miongoni mwa watafiti, ulibainisha kuwa hata watoto wanaotembea vizuri katika eneo lenye konzo walikuwa na upungufu katika vipimo vya akili. Hesabu ya waliopooza haiwagusi watoto hao.