Nani analipa gharama ya kutafuta kazi mtandaoni?

Ihumwa iko kwenye barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, kati ya stendi ya mabasi ya Nanenane na Mji wa Serikali wa Mtumba. Zamani ilikuwa kata ya mtama, uwele na zabibu. Leo reli ya SGR inapita hapo, bandari kavu iko hapo, na barabara ya mzunguko wa nje ya jiji, yenye kilomita 112.3, imegawanywa katika vipande viwili vya ujenzi vinavyokutana hapohapo kwenye bandari kavu. Ukipanda daladala, baada ya vituo vichache unashuka kwenye geti la wizara. Ni kata chache sana nchini ambako kijana mwenye cheti anaishi karibu na waajiri wengi kiasi hiki, lakini ukaribu huo haumpi chochote. Akienda Mtumba na bahasha mkononi, mlinzi atamwambia aingie mtandaoni, na mlinzi atakuwa hajakosea.

Utaratibu huo ulikuja kwa sababu nzuri. Wengi wanakumbuka Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipoita watu kwenye usaili wa nafasi 70 na waliofika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakazidi 10,000. Picha za majukwaa yaliyojaa wahitimu waliovaa suti zilizunguka nchi nzima. Mfumo wa Ajira Portal, unaoendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, umeondoa mengi ya namna hiyo. Tangazo likitoka, mtu wa Kibondo na mtu wa Ihumwa wanaliona saa ileile. Usaili wa kuandika sasa hufanyika kwa kompyuta mikoani, na aliyefaulu akakosa nafasi huingizwa kwenye kanzidata, anaweza kuitwa baadaye bila kuanza upya. Mwenye kumbukumbu ya enzi za kutuma barua kwa posta na kusubiri miezi hawezi kuyabeza mabadiliko haya.

Ila hesabu ya watu kwa nafasi haijabadilika. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, nayo ikapokea maombi 135,027, yaani zaidi ya watu 84 kwa kila kiti. Kwenye ualimu, usaili ulioendelea hadi mwanzoni mwa mwaka huohuo ulikuwa na waombaji zaidi ya 200,000 wa nafasi zisizofika 15,000. Uwanja umejaa vilevile, tofauti ni kwamba safari hii hakuna wa kuupiga picha. Na kwa kuwa hauonekani, hakuna anayeuliza waliokuwamo walitumia kiasi gani kuingia.

Tuanze na anachotakiwa kuwa nacho mwombaji wa kazi ya serikali. Awe na namba ya NIDA, maana bila hiyo hafungui akaunti. Aambatishe cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na cha sita, cheti cha chuo na transkripti, vyote vikiwa nakala zilizothibitishwa. Karatasi za matokeo ya muda hazikubaliki. Aliyesoma nje ya nchi apeleke vyeti vyake NECTA, TCU au NACTVET vitambuliwe. Aandike barua ya maombi, aisaini kwa mkono, kisha aiskani na kuipandisha kwenye mfumo. Barua hiyo bado inaelekezwa kwa Katibu, S.L.P. 2320, Dodoma, jengo la Utumishi, majengo ya Dkt. Asha Rose Migiro pale Chuo Kikuu cha Dodoma. Anwani ya posta imebaki kwenye barua ambayo haitapita posta.

Kila kipande cha mlolongo huo kina mtu anayekilipisha. Wakili anagonga muhuri kwa malipo. Mwenye steshenari anatoa kopi, anaskani, anapunguza ukubwa wa faili lililokataliwa na mfumo, na kwa wasiozoea kompyuta anajaza fomu yote kuanzia jina hadi wadhamini watatu. Kampuni ya simu inauza bando. Ukipita kwenye steshenari yoyote ya pembezoni mwa Dodoma siku ya mwisho ya kupokea maombi, utaelewa kwamba kutafuta kazi kumekuwa biashara kamili, yenye msimu wa mavuno unaofuata tarehe za matangazo. Sina ugomvi na wenye steshenari. Wengi wao ni wahitimu waliochoka kusubiri wakaamua kununua printa, na huduma yao ni ya kweli.

Sasa tupige hesabu ndogo. Tuseme kila mmoja wa wale waombaji 135,027 alitumia Sh2,000 tu kwa bando, kopi na kuskani, kiasi ambacho mtu yeyote aliyewahi kuomba kazi atasema ni kidogo. Jumla inapita Sh270 milioni kwa tangazo moja. Fedha hizo zilitoka mifukoni mwa watu wasio na kipato au mifukoni mwa wazazi wao, na zaidi ya 133,000 kati yao walikuwa na uhakika wa kukosa hata kabla usaili haujaanza. Anayefika hatua ya mahojiano ya ana kwa ana jijini Dodoma analipa zaidi. Nauli ya SGR daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam, ilipotangazwa mwaka 2024, ilikuwa Sh31,000 kwenda tu. Mwenye ndugu Ihumwa au Nzuguni analala kwa ndugu. Asiye na ndugu analipa gesti.

Halafu mifumo yenyewe ni mingi. Sekretarieti ina wake. Polisi wana wao, Magereza wao, Zimamoto wao, Uhamiaji wao. Zanzibar kuna ZanAjira. Kijana mmoja, mwenye namba moja ya NIDA na vyeti vilevile, anajaza jina la shule yake ya msingi mara tano katika mifumo ya serikali moja. Namba ya NIDA ilipaswa kumaliza adha hii. Taasisi za umma zikiweza kusoma kumbukumbu za mtu kwa namba hiyo, kazi ya kuhakiki cheti inaweza kufanywa na mfumo kwa mfumo, bila muhuri wa mtu wa tatu.

Upande wa sekta binafsi una sura nyingine. Yapo majukwaa ambayo mwajiri hulipia tangazo lake na mwombaji hupata huduma bure, kama BrighterMonday, na upo mtandao wa LinkedIn kwa wenye kazi za ofisini. Lakini sehemu kubwa ya kile kijana anachokiona akiandika "nafasi za kazi Dodoma" kwenye Google ni tovuti zinazonakili matangazo ya wengine. Pato lao linatokana na matangazo ya biashara yanayozunguka ukurasa, hivyo wana faida kila unapofungua ukurasa mpya, uwe umepata kazi au hukupata. Ndiyo sababu tangazo la nafasi moja hukatwa vipande, kitufe cha kuomba kikawekwa chini kabisa, na tangazo lililokwisha muda likaachwa hewani kwa miezi. Msomaji anachoma bando akifukuzia nafasi iliyokwishajazwa. Tovuti hizi hazina lazima ya kusema uongo ili zimpotezee mtu muda, inatosha zisifute.

Kutoka kwenye tovuti hizo, kijana anaingia makundi ya WhatsApp na Telegram, na huko ndiko walipo wezi. Ujumbe wao unafanana: umechaguliwa, tuma hela ya fomu, ya kupima afya, ya sare au ya mafunzo kwenye namba hii. Kanuni za mawakala binafsi wa huduma za ajira za mwaka 2014, zilizotungwa chini ya sheria ya kukuza huduma za ajira ya 1999, zinakataza wakala kumtoza mtafuta kazi. Msimamo huohuo umo katika Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997. Anayekudai hela ili akupe kazi anavunja kanuni hata kama ana ofisi, meza na kibali ukutani. Namba yake itumwe 15040, ambayo mamlaka ya mawasiliano imeitenga kwa ajili ya kuripoti matapeli. Kuna jambo jingine linalozungumzwa kidogo mno. Wasifu wa mtu una jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, anwani, wakati mwingine na nakala ya kitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo asajiliwe na azitunze kwa kusudi alilolitaja. Kijana anayetuma kitambulisho chake kwenye barua pepe asiyoijua ana haki ya kuuliza kinakwenda kwa nani.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni ukimya. Matangazo yetu yamezoea kumalizia kwa sentensi kwamba watakaoitwa kwenye usaili pekee ndio watakaojulishwa. Ajira Portal, kwa haki yake, ina sehemu ambako mwombaji huona hatua iliyofikiwa na maombi yake. Waajiri wengi binafsi hawana hata hiyo. Kwa mtu aliye ofisini ukimya wa miezi mitatu ni jambo dogo. Kwa kijana wa Ihumwa unamgharimu fedha. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Desemba na kuisha Aprili. Ikifika Novemba lazima aamue: akodi shamba la mtama au alizeti, au hela ileile aitunze kwa nauli ya usaili ambao huenda ukaitishwa? Akilima akaitwa, shamba linabaki bila wa kulipalilia. Asipolima asiitwe, mwaka umepita. Jibu la "hukuchaguliwa" lingemfaa kama mtaji, kwa sababu lingemrudishia uhuru wa kupanga mambo yake.

Waajiri nao wana lao, na si la kupuuzwa. Zamani aliyeomba alilazimika kuandika barua kwa nafasi aliyoitaka kweli. Sasa anatuma wasifu uleule kwa waajiri ishirini jioni moja. Ofisi ya watu sita ikitangaza nafasi ya mhasibu inapokea mamia ya barua pepe, na hakuna mwenye muda wa kuzisoma. Hivyo wanaweka vizingiti: uzoefu wa miaka mitatu kwa kazi ya kuanzia, alama za juu za chuo, umri chini ya kiwango fulani. Wakiona bado rundo ni kubwa, wanauliza marafiki kama kuna kijana mzuri wanayemjua. Hapo ndipo koneksheni, ambayo mtandao uliahidi kuiondoa, inarudi ikiwa na kazi ya kuchuja. Wepesi wa kuomba umeifanya thamani ya ombi moja kuwa ndogo, na hasara inamwangukia asiyejulikana na mtu.

Na zipo kazi ambazo hazifiki mtandaoni kabisa. Kwenye saiti za barabara, kwenye maghala na kwenye majengo ya Mtumba, saidia fundi, walinzi, wapishi wa kambi na mara nyingine hata madereva wa mitambo huchukuliwa getini asubuhi. Nyapara anachagua kwa macho au kwa kutumiwa ujumbe na mtu anayemfahamu. Mwenye cheti cha VETA cha uchomeleaji anaweza kukaa nyumbani akisubiri tangazo kwenye simu wakati kilomita mbili kutoka kwake kuna mkandarasi anayetafuta mchomeleaji. Serikali ina huduma ya ajira kwa ajili ya kuunganisha watu wa aina hii na waajiri, lakini kijana wa kata haoni ofisi yake. Anachokiona ni ofisi ya mtendaji wa kata, yenye ubao wa matangazo. Mikataba ya miradi mikubwa inaweza kumtaka mkandarasi abandike hapo kila nafasi isiyohitaji shahada, pamoja na tarehe na jina la wa kuonana naye. Karatasi moja na pini nne zingefanya kazi ambayo tovuti kumi hazijaifanya.

Kuhusu gharama za vyeti, jirani zetu wametangulia. Kenya, ambako mwombaji alikuwa akitakiwa kulipia vyeti vya uadilifu kutoka polisi, mamlaka ya kodi, bodi ya mikopo na kwingineko kabla hata hajaitwa, ilibadili sheria ya ajira mwaka 2022. Sasa nyaraka hizo hudaiwa kwa aliyekwishapewa nafasi. Mantiki yake ni nyepesi: uhakiki ufanywe kwa wachache waliobaki, na usilipiwe na maelfu watakaoachwa.

Tanzania inaweza kufanya vivyo hivyo kwa muhuri wa wakili. Hatua ya kwanza mwombaji apandishe nakala za kawaida na aseme kwa kiapo kwamba ni zake. Matangazo tayari yanaonya kwamba anayetumia cheti cha kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Muhuri udaiwe kwa aliyeitwa kwenye mahojiano, siku anayokuja na vyeti halisi mkononi. Tangazo liseme pia siku ambayo kila mwombaji atapata jibu, na likifungwa itajwe idadi ya walioomba, ili mwenye nafasi ya mmoja kati ya themanini aijue kabla hajakopa nauli. Masharti ya nakala zilizothibitishwa yameandikwa kwenye tangazo lenyewe, mstari mmoja tu, na wenye mamlaka ya kuubadilisha wako Dodoma hapahapa. Waubadilishe kabla ya tangazo lijalo.