Hesabu za Kucheza

Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Mbele alikwenda kirangozi, na ngoma na nyimbo ziliwaunganisha hatua. Kupatanisha hatua ni hesabu, ingawa hakuna aliyeshika chaki.

Leo mtoto wa Tabora akiulizwa Kigawe Kidogo cha Shirika cha 3 na 4, huenda akatazama kwanza mkono wa mwalimu kama una fimbo. Hofu ikiingia, hesabu hutoka.

Mwalimu na awatoe watoto 12 chini ya mwembe, wasimame duara. Mmoja apige ngoma, wote wahesabu mapigo. Nusu yao wapige makofi kila pigo la 3; wengine wakanyage chini kila pigo la 4. Kofi na mguu vitakutana pigo la 12, kisha la 24. Jibu wamelicheza wenyewe!

Sasa waichukue kamba. Wakiipitisha kwa kila mtoto wa 3, utatokea mraba. Kila wa 4, pembetatu. Kila wa 5 je? Kamba itawapitia wote 12 kabla ya kurudi ilikoanzia, nayo itakuwa nyota. Darasani waichore na kuipaka rangi.

Anayekosa pigo hachapwi; hungoja duru ijayo, akaingia tena. Vifaa ni kamba na ngoma, au hata debe tupu.

Walimu, jaribuni.