Picha yaganda, hesabu zatiliwa shaka: Waswahili wa Riyadh na Jeddah na kamera zao

Chama kidogo cha kuzikana cha Waswahili walioko Saudi Arabia kina matawi mawili, moja Riyadh na jingine Jeddah, na baina yao kuna barabara ya karibu kilomita 950. Hakuna dereva wala mpishi awezaye kuifunga safari hiyo kila mwezi ili akasikilize hesabu. Kwa hiyo hukutana kwa video, Ijumaa baada ya swala ya Isha. Fedha zinazozungumzwa ni za kusafirishia maiti, au kuzika hukohuko na kuwatumia wajane kinachobaki.

Miezi michache iliyopita mweka hazina wa Jeddah alifungua daftari mbele ya kamera. Riyadh wakaona ukungu, kisha picha ikaganda. Mmoja akasema daftari linafichwa. Maneno yakawa makali, na wanachama wawili wakaacha kuchangia. Tuliombwa tuitazame mitambo yao kutoka mbali, na tulichokikuta ni kwamba hakuna aliyeficha kitu.

Ikumbukwe kwamba Saudi Arabia ilikuwa imezifunga huduma nyingi za kupiga simu kwa intaneti hadi Septemba 2017. Baada ya hapo kila jumuiya ilijitafutia njia yake. Hawa walichagua kompyuta ya bodi moja, Raspberry Pi 3 iliyotoka mwaka 2016, yenye ukubwa wa kadi ya benki, wakaiunganisha na televisheni na kamera ya USB ya bei nafuu. Simu ingetosha kwa watu wawili. Kwa chumba cha watu kumi na wanane haitoshi.

Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu. Kamera ya Jeddah ilikuwa ikituma picha ghafi, bila kubanwa. Picha moja ya 1280 kwa 720 ni baiti 1,843,200, na ukitaka picha 30 kwa sekunde unahitaji megabaiti 55 kila sekunde. Njia ya USB 2.0 huipa kamera kama hiyo megabaiti 24 tu kwa sekunde. Ndiyo maana kamera nyingi za aina hii, zikituma picha ghafi za ukubwa huo, huishia kwenye picha 10 kwa sekunde. Tena katika bodi ile waya wa mtandao na matundu yote manne ya USB hupita mlango mmoja, kwa hiyo kamera na intaneti zinagombania njia.

Dawa ipo ndani ya kamera yenyewe. Programu ya v4l2-ctl huorodhesha miundo inayoijua, na mara nyingi mmoja wao ni MJPG, ambao hubana kila picha kabla ya kuituma. Tukauchagua. Lakini kuzifungua picha hizo ni kazi ya prosesa, na prosesa ya bodi hii si pandikizi la mtu. Tukakubaliana hivi: mazungumzo yaende kwa 640 kwa 480, na ukubwa wa 720 utumike pale tu daftari linapofunguliwa.

Riyadh shida ilikuwa nyingine. Bodi ilibandikwa nyuma ya televisheni, katika chumba cha juu chenye kiyoyozi kichovu, na kiangazi cha huko hupita nyuzi 45. Prosesa ikifika nyuzi 80 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Wakaihamisha, wakaibandika kipande cha alumini cha kupoza joto. Kwenye kona ya kioo kulikuwa pia na alama ya radi, ambayo wenyewe waliidhani pambo! Maana yake ni kwamba umeme umeshuka chini ya volti 4.63. Waliitumia chaja ya simu yenye waya mrefu mwembamba, na kamera nayo ikinyonya humohumo. Chaja ya ampea 2.5 yenye waya mfupi iliifuta alama hiyo.

Kulikuwa na mistari myeusi iliyopanda na kushuka juu ya nyuso za watu. Aliyeandaa kadi ya mashine aliiandaa Mombasa, akaweka 50, kwa kuwa umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Wa Saudi Arabia ni wa hezi 60, na taa za mirija hupepesa mara mbili ya kadiri hiyo. Namba moja ikabadilishwa, mistari ikatoweka.

La mwisho ni mwanga. Gizani kamera huacha mlango wazi kwa muda mrefu zaidi, na picha 30 huwa 15 au pungufu. Jeddah walikaa na dirisha nyuma yao, nyuso zikawa vivuli. Tuliwashauri wanunue taa na waigeuze kamera itazame ukuta. Dirisha lile lilielekea nyumba ya jirani, na sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2007 inamtishia anayeingilia faragha ya watu kwa kamera kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi riali 500,000.

Ijumaa iliyofuata daftari lilifunguliwa tena. Riyadh wakazisoma tarakimu kwa sauti, mstari kwa mstari, na katika ukurasa wa tatu wakagundua kosa la riali 40 la kujumlisha. Mweka hazina akalisahihisha papo hapo. Mmoja wa wale wawili amerudi kuchangia. Wa pili bado.