Kazi ya Mshauri wa Chama

Wakulima wa mpunga na kakao wa Makwale, Kyela, wanajua kuwa jirani mwema huonya kabla mto haujafurika. Ndivyo apasavyo kuwa mshauri wa chama. Marehemu Kingunge Ngombale-Mwiru alifundisha siasa ya Ujamaa tangu enzi ya TANU, kisha akaitumikia CCM iliyozaliwa mwaka 1977. Mwezi Oktoba 2015, akilalamika kwamba katiba ya chama ilikiukwa katika kumteua mgombea urais, alijivua uanachama. Akafariki Februari 2018. Hatusemi kwamba kila neno lake lilikuwa sahihi. Twasema kwamba chama kipendacho sifa tupu hukosa wa kukionya. Ndugu wanachama, mkosoaji wa haki si adui. Msikilizeni angali ndani ya nyumba.