Bibi wa Kampala

"The Last King of Scotland" niliitazama kwenye banda la video hapa Mlimba, karibu na stesheni ya TAZARA. Ni filamu ya mwaka 2006. Forest Whitaker alipata Oscar kwa kuigiza Idi Amin, dikteta wa Uganda. Anatisha kweli. Ila hadithi inaishia Entebbe, 1976, na inamfuata daktari wa kubuni. Mimi niliwatafuta kina mama waliohangaikia sukari na sabuni za magendo hadi mizinga ikasikika, sikuwaona.

Hao nilisimuliwa na baba mdogo, aliyekwenda na mgambo wa Tanzania kwenye vita dhidi ya Amin. Aprili 11, 1979 Kampala ilipoanguka, watu walitoka majumbani wakishangilia. Bibi mmoja alimpa viazi vya kuchemsha, chakula pekee alichokuwa nacho. Filamu ya bibi yule naingoja bado.