Gati za Ziwa na Stesheni ya Kisumu: Kwa Nini Ardhi Yake Ilindwe

Kaunti za Homa Bay na Migori hazina reli. Hata hivyo, kwa miaka mingi mazao ya eneo hili, hasa pamba, yalisafiri kwa treni hadi Mombasa. Siri yake imo katika mpangilio wa stesheni ya Kisumu.

Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Lengo lilikuwa Uganda, na kutoka hapo safari iliendelea majini. Kwa hiyo stesheni ilijengwa karibu na ziwa, na reli ikapita jukwaa la abiria hadi gatini, ili mizigo ihamishwe kutoka kwenye behewa hadi melini. Palijengwa pia karakana na chelezo, kwani meli za mvuke kama Winifred, Sybil na Clement Hill zililetwa kutoka Uingereza zikiwa vipande, zikaunganishwa hapo hapo.

Meli hizo zilikuwa mali ya shirika la reli. Zilipotia nanga Kendu Bay, Homa Bay au Karungu, gati za huko zilifanya kazi ya stesheni: mkulima alileta mzigo wake ufukweni, na safari ya reli ikaanzia majini.

Mwaka 1931 reli ilifika Kampala kupitia Eldoret, na Kisumu ikabaki kwenye tawi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, huduma za pamoja za reli na meli ziligawanywa. Barabara zilichukua mizigo, na gugumaji likazonga ghuba. Gati kadhaa zilisahaulika.

Lakini kusahaulika si kukosa mwenyewe. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinayahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma, pamoja na ardhi inayomilikiwa kihalali na taasisi za serikali. Ardhi hiyo haiwezi kuuzwa wala kutumiwa ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Treni ya abiria ilirejea Kisumu mwaka 2021. Usafiri wa ziwani nao ukipanuka, meli zitahitaji mahali pa kutia nanga, na malori mahali pa kupakia. Ufuo ukishajaa majengo, nafasi hiyo itapatikana kwa gharama kubwa, au isipatikane kabisa.

Mkazi anayeuziwa ploti karibu na gati au ufuo anashauriwa:

- kuomba upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi kabla ya kulipa chochote;
- kulinganisha nambari ya ploti na ramani ya upimaji;
- kupeleka shaka yoyote kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi au kwa chifu wa eneo.