Pakiti Katika Foleni: Jinsi ya Kupima Ukawiaji wa Mtandao

Mtu anapozungumza na nduguye aliye mbali kwa njia ya kompyuta, mara nyingine sauti huja vizuri kwa muda, kisha hukatika, kisha maneno mengi hufika kwa mkupuo. Wengi huamua palepale kwamba laini ni nyembamba, na kwamba dawa ni kulipia laini pana zaidi. Huenda ikawa kweli, lakini huenda pia fedha hizo zikapotea bure, kwa sababu upana wa laini na ukawiaji ni mambo mawili mbalimbali. Upana hueleza ni biti ngapi zinazoweza kuingizwa katika laini kwa sekunde moja. Ukawiaji ni muda unaopita tangu habari iondoke itokako hadi ifike iendako. Katika makala haya tutaeleza ukawiaji hutokana na nini, na jinsi mwanafunzi anavyoweza kuupima na kuufasiri.

Kwa nini habari hukatwa vipande

Katika simu za zamani, watu wawili walipozungumza, njia nzima baina yao ilitengwa kwa ajili yao tu, hata walipokuwa kimya. Katika miaka ya 1960 Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza utaratibu mwingine. Habari ikatwe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe anwani, na vipande vya watu wengi vipite katika laini moja. Davies ndiye aliyeviita vipande hivyo pakiti. Mtandao wa ARPANET, ulioanza kazi Marekani mwaka 1969, ulijengwa juu ya wazo hilo.

Faida yake ni kwamba laini haikai bure. Lakini faida hiyo ina gharama: pakiti mbili zikitaka kutoka kwa laini moja wakati mmoja, moja haina budi kungoja. Hapo ndipo foleni inapozaliwa.

Kazi ya swichi

Swichi ya mtandao ni kifaa chenye milango kadhaa, na kila mlango umeunganishwa na kompyuta au na swichi nyingine. Kila pakiti hubeba mwanzoni mwake anwani mbili: ya mpokeaji na ya mtumaji. Swichi husoma anwani ya mtumaji na kuandika katika jedwali lake kwamba kompyuta hiyo iko upande wa mlango fulani. Kisha hutafuta katika jedwali anwani ya mpokeaji, na kuitoa pakiti kwa mlango unaohusika. Ikiwa anwani hiyo haimo, swichi huipeleka pakiti kwa milango yote isipokuwa ule ilikoingilia. Mpokeaji akijibu, naye huandikwa. Hivyo swichi hujifunza yenyewe, bila kufundishwa na mtu.

Kuna njia mbili za kupitisha pakiti. Ya kwanza ni kuipokea pakiti nzima, kuikagua, kisha kuipeleka. Pakiti ya baiti 1,500 ina biti 12,000. Kwa hiyo katika laini ya biti milioni 10 kwa sekunde, kuipokea huchukua mikrosekunde 1,200, na katika laini ya biti milioni 100 huchukua mikrosekunde 120. Njia ya pili ni kuanza kuitoa pakiti mara anwani ya mpokeaji inaposomwa, huku sehemu yake ya nyuma ikiwa bado inaingia. Swichi ya kampuni ya Kalpana ya Marekani, iliyotoka mwaka 1990, ilitumia njia hii.

Njia ya pili ni ya haraka, lakini ina kasoro. Tarakimu za kukagua makosa huwa mwishoni mwa pakiti. Zinapofika, sehemu ya mbele imekwisha kwenda zake. Kwa hiyo swichi hupitisha hata pakiti zilizoharibika. Tena, mlango wa kutokea ukiwa una foleni, haraka hiyo haifai kitu: pakiti itangoja kama nyingine.

Sehemu nne za ukawiaji

Ukawiaji wote wa pakiti ni jumla ya sehemu nne.

Kwanza, muda wa kuziingiza biti katika laini. Huu hupatikana kwa kugawa idadi ya biti kwa upana wa laini, na hupungua moja kwa moja laini inapopanuliwa.

Pili, muda wa safari. Katika nyuzi za kioo mwanga huenda takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Hivyo kilometa 10,000 ni milisekunde 50 za kwenda, na nyingine 50 za kurudi. Hakuna malipo yanayoweza kuupunguza muda huu, ila kufupisha njia.

Tatu, muda wa swichi kusoma anwani na kuamua. Katika swichi za leo muda huu kwa kawaida ni mikrosekunde chache tu, au chini ya hapo.

Nne, muda wa kungoja katika foleni. Sehemu tatu za kwanza hazibadiliki sana. Hii hubadilika kila dakika.

Hesabu ya foleni ilianzishwa na Agner Krarup Erlang, Mdenmarki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, aliyechapisha makala yake ya kwanza juu ya jambo hili mwaka 1909. Ikiwa pakiti huja bila mpango na urefu wake hutofautiana, tunaweza kutumia kanuni hii ya makadirio:

T = S ÷ (1 − m)

ambapo S ni wastani wa muda wa kuitoa pakiti moja, m ni sehemu ya uwezo wa laini inayotumika, na T ni wastani wa muda wote, pamoja na kungoja. Tuseme S ni mikrosekunde 120. Laini ikitumika nusu, T ni 240. Ikitumika kwa asilimia 80, T ni 600. Ikitumika kwa asilimia 90, T ni 1,200; na kwa asilimia 95, T ni 2,400. Tazama kwamba kutoka asilimia 90 hadi 95 matumizi yameongezeka kidogo tu, lakini muda umekuwa maradufu. Ndiyo maana mtandao uliofanya kazi vizuri asubuhi huweza kuharibika ghafula mchana.

Tuchukue mfano wa shule yenye laini ya kutolea habari ya biti milioni 2 kwa sekunde. Mwalimu mmoja anapeleka filamu, na pakiti 100 za baiti 1,500 zimejipanga katika hifadhi ya kifaa. Hizo ni biti 1,200,000. Pakiti ndogo ya sauti ikifika nyuma yake itangoja sekunde 0.6, na mazungumzo yatavurugika. Kununua kifaa chenye hifadhi kubwa zaidi kutazidisha ubaya, maana foleni itapata nafasi ya kurefuka. Dawa rahisi ni kukipangia kifaa kitangulize pakiti za sauti.

Saa ianze wapi, na iishie wapi?

Mwaka 1991 wataalamu wa intaneti walitoa maelezo ya kupima ukawiaji wa vifaa. Kwa kifaa kinachopokea pakiti nzima kwanza, muda huhesabiwa tangu biti ya mwisho inapoingia hadi biti ya kwanza inapotoka. Kwa kifaa kinachopitisha pakiti huku ikiingia, muda huhesabiwa tangu biti ya kwanza inapoingia hadi biti ya kwanza inapotoka. Mnunuzi asiyejua hili atadanganyika. Swichi ya aina ya kwanza iliyoandikwa mikrosekunde 10, katika laini ya biti milioni 100, kwa kweli huanza kuitoa pakiti ya baiti 1,500 mikrosekunde 130 baada ya biti yake ya kwanza kuingia.

Tatizo la pili ni saa zenyewe. Saa za kompyuta mbili hazilingani kabisa, kwa hiyo si rahisi kupima safari ya kwenda peke yake. Desemba 1983 Mike Muuss wa Marekani aliandika programu iitwayo ping, ambayo hupeleka pakiti na kungoja jibu. Saa ni moja tu, ile ya mtumaji. Kinachopimwa ni kwenda na kurudi.

Jaribio la darasani

1. Tumia ping kupeleka pakiti 100 kwa kompyuta iliyo katika chumba hichohicho. Andika muda mdogo kabisa, muda wa katikati na muda mkubwa kabisa.
2. Rudia kwa kompyuta iliyo nchi ya mbali.
3. Rudia jaribio la 2 wakati wenzako wanapakua au kupeleka mafaili makubwa.

Muda mdogo kabisa ni wa pakiti iliyokuta njia wazi; huonyesha umbali na vifaa. Tofauti baina yake na muda mwingine huonyesha hasa foleni. Kwa hiyo wastani peke yake hautoshi, wala kipimo kimoja si kipimo.

Kanda yetu yenyewe inatoa mfano. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009 na kufika Dar es Salaam na Mombasa, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia setilaiti zilizo kilometa 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni karibu kilometa 71,600, yaani sekunde 0.24, swali na jibu ni sekunde 0.48. Muda huo ulikuwamo hata katika kipimo kidogo kabisa, na laini pana ya setilaiti isingeweza kuuondoa. Mkongo uliweza, kwa kuwa ulifupisha njia.

Basi, ikiwa muda mdogo kabisa ni mkubwa na vipimo vyote vinakaribiana, adui ni umbali. Ikiwa muda mdogo kabisa ni mfupi lakini vipimo vinatawanyika, adui ni foleni. Pima kwanza, ndipo ununue.

Zoezi

Katika laini ya biti milioni 10 kwa sekunde, pakiti 50 za baiti 1,500 zimetangulia. Pakiti ya 51 itangoja muda gani kabla ya kuanza kutoka? Laini ikipanuliwa kuwa ya biti milioni 100, muda huo utakuwa kiasi gani? (Majibu: milisekunde 60, milisekunde 6.)